Mupe wa Sinema na Mgongo wa Baba

Juzi umeme ulikatika, na jirani akawasha jenereta yake. Harufu ya esansi, petroli, iliyoungua ikapita ukutani, ikanikuta nimekaa nachambua sombe, majani ya mihogo, mikono ikasimama yenyewe. Mjukuu wangu akauliza kama kichwa kinaniuma. Hakikuniuma. Nilikuwa nimerudi uwanja wa kambi ya reli, nimekaa kwenye majani yenye umande, mdomo wazi, nangojea shuka ya sinema iwake.

Ninyi mliokulia Kindu wakati wa Wabelgiji mnaijua harufu hiyo. Motokari ya sinema ilifika mchana, na mchana huo wote sisi watoto hatukufaa kwa kazi yoyote. Injini ya taa ilishushwa, ikawekwa mbali kidogo ili kelele yake isifunike maneno. Shuka nyeupe ikafungwa kati ya miti miwili. Giza likiingia, wazungu wa reli walikaa kwenye viti, makarani na wake zao kwenye mabenchi, wanaume wa kambi chini, na sisi watoto wa kike tukafukuzwa upande wa nyuma wa shuka. Huko picha ilionekana vilevile, ila ni kinyume, na hilo hakuna aliyetuambia. Tuliona watu wote wa sinema wanakula kwa mkono wa kushoto. Tukasema basi hawa wote ni watu wa Kama, kule machimboni, maana bibi yangu alikuwa na neno baya juu ya watu wa Kama kwa kila jambo, tukaona na hili linawafaa.

Mwenye sinema alikuwa padri. Kwetu padri anaitwa mupe, na huyu tulimwita Mupe wa Sinema, hata waliojua jina lake hawakulitumia. Hakukaa Kindu. Alizunguka Maniema yote na zaidi, anatengeneza sinema zake mwenyewe, na ndani yake mna watu wetu weusi, si wazungu wa kupanda farasi. Alijulikana mpaka Kongolo, mpaka Stanleyville. Sisi nyumbani tulikuwa Waislamu, lakini baba alisema shuka haibatizi mtu, akatuacha twende. Sinema zile hazikuwa na sauti. Msemaji wa Mupe, Feruzi, mtu wa Kasongo mwenye meno yaliyotangulia, alisimama kando ya shuka na bomba la bati mdomoni, akatuambia nani anasema nini na kwa nini analia.

Masomo mimi sikusoma mengi. Nilianza kidogo kwa masista, bibi akanitoa siku niliporudi na medali ya Maria shingoni. Sijamlaumu. Lakini mtu mmoja nilimsoma mpaka mwisho, na huyo ni Mupe wa Sinema. Nilimsoma pamoja na Zainabu, binti ya baba yangu mkubwa, mtoto wa ulimi mkali. Asubuhi baada ya sinema tulikwenda shamba la mihogo, na badala ya kupalilia tunarudia yote tuliyoona, tunagombana.

Sinema ya Mupe ilianza na miguu. Hujaona uso wa mtu, umeona kwanza miguu yake inapita kwenye vumbi, na kwa miguu ile ilikupasa ujue ni nani: huyu karani, ana viatu, huyu anatoka mtoni, ana matope mpaka magotini, huyu mama amebeba mzigo mzito, angalia kisigino. Kisha bata. Katika kila sinema bata mmoja mweupe alipita mbele ya mlango, polepole, hana mwenyewe, hana kazi. Zainabu alisema ni malaika. Mimi nilisema bata ni bata, ila akipita, shida iko nyuma yake. Tukangojea, na kweli shida ikaja. Kisha mlango wenyewe. Mlangoni pa Mupe palikuwa na mtu ameketi, anangojea mwingine, mara nyingi mama mzee. Hadithi zilibadilika, leo ni pombe, kesho ni sindano, siku nyingine ni maji ya kuchemsha, lakini chini ya hizo zote ugomvi wake ulikuwa mmoja tu: kuna mtu ametoka kwao, na kuna mtu ameketi mlangoni. Yeye alitaka tujifunze kuchemsha maji. Sisi tulijifunza yeye.

Ikafika siku motokari ilileta sinema ya mtu mwingine. Hakuna aliyetangaza. Picha imewaka tu, Zainabu akaniegemea akasema hii si yake, miguu iko wapi? Tukaangalia mpaka mwisho tukimdai yule mtu bata wake.

Alama kubwa kuliko zote ilikuwa mgongo. Kulikuwa na mlevi aliyetoka nyumbani kwake akaingia msituni. Tuliona mgongo tu, unakwenda, unakuwa mdogo. Hakurudi. Kulikuwa na mama aliyekimbia sindano, mtoto yuko mgongoni. Nao tuliwaona kwa nyuma wakienda, na mtoto yule akafa. Kulikuwa na mchimba dhahabu wa Kama aliyeteremka shimoni ametupa mgongo, shimo likamfunika. Mupe akikuonyesha kwa mgongo, basi. Na msidhani tulisema ni mchezo. Hakuna aliyetuambia kama sinema ni mchezo. Watu wale walikuwa wa Lokandu, wa Tunda, wa Kama, hatukuwaona tena katika sinema nyingine, nani angetuambia kama wako hai? Kwetu walikwisha kufa, na aliyewaua ni mashini ya Mupe ya kupigia picha, kwa kuwatazama mgongo.

Sasa msimu mmoja Mupe akaja Kindu mwenyewe, si kuonyesha sinema, kutengeneza. Alitaka mtu wa reli: kijana anamwacha mama yake mlangoni, anapanda treni kutafuta maisha mbali. Baba yangu, Ramazani, alikuwa mtia kuni kwenye gari la moshi. Magari yale yalikula kuni, na kazi ya kuzitupa ndani ya moto ilimpa baba mabega kama mlango. Mupe alifika kambini, akawapanga watia kuni, akapita mbele yao haraka, kisha akazunguka akapita nyuma yao polepole. Aliposimama nyuma ya baba alikaa pale muda, kichwa upande, kama mtu anayechagua mbuzi. Nilikuwa juu ya rundo la kuni na Zainabu. Tukatazamana. Zainabu hakusema kitu, na Zainabu kunyamaza halikuwa jambo dogo.

Baba alifurahi hata akasahau kula. Baba alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akiungua, alicheka akipata baridi, alicheka akifokewa na mzungu wa mashini, mwendesha treni, na kwa hilo alifokewa mara ya pili. Mama hakuwapo; alikuwa amekwenda kwao Kibombo kujifungua, kama ilivyokuwa desturi. Nyumbani tulibaki mimi, baba na bibi. Kwa hiyo mnaelewa. Baba akienda, mimi nabaki na bibi na neno lake juu ya watu wa Kama.

Nilimwambia bibi kwamba Mupe atampiga baba picha ya mgongo, na baba atakufa. Bibi alinipiga kofi kwa kutamka kifo ndani ya nyumba, akanituma maji. Shida yake ilikuwa nyingine. Mama wa kwenye sinema alichaguliwa Mama Sifa, muuza mikate, mwanamke mwembamba kama kijiti cha kuchokolea moto. Bibi alivaa kikwembe chake kizuri akaenda mpaka kwenye motokari ya Mupe.

"Mimi njo nilimuzaa Ramazani," akasema, njo yetu ikiwa ndio ya watu wa pwani. "Niko muzima, niko hapa. Munamutafutia mama mwingine juu ya nini?"

Mupe alijua Kiswahili vizuri, lakini maneno mabaya aliyasema kwa Kifaransa, na Feruzi akayageuza. Mupe akasema maneno kidogo. Feruzi akajikuna shingo.

"Mama, Mupe anasema wewe uko na afya mingi."

Bibi akaelewa. Alirudi nyumbani akipiga visigino chini, na siku ya kazi ilipofika alibeba kiti chake kidogo, akakiweka karibu kabisa na mashini ya picha, ili Mama Sifa akae pale mlangoni akijua nani anamtazama.

Baba nilimwambia peke yake, jioni, akijimwagia maji. Alicheka.

"Mimi nalala karibu na moto tangu zamani, haijanikula. Picha itanifanya nini?"

Nikamwambia yule wa Kama naye alikuwa na nguvu. Baba akaniambia wa Kama hakuwa na binti wa kumsumbua kama mimi, akanirushia maji usoni.

Walichagua nyumba ya Mama Sifa kwa sababu ilikuwa karibu na reli. Treni ya Kibombo ilikuwa imesimama tayari, mvuke unatoka, maana Mupe alitaka treni ya kweli, na mzungu wa mashini alikubali kungoja mpaka saa yake ya kupiga filimbi, si zaidi. Baba alipaswa kutoka mlangoni na furushi, kuaga, kutembea kando ya reli, na kupanda. Akishapanda anakwenda kweli, kazi yake inaanza. Nilifikiria hilo tangu alfajiri. Hatakwenda kwa mchezo. Atakwenda kweli.

Feruzi akaniona nimesimama bila kazi, akanipa kikapu. Ndani mlikuwa na bata mweupe.

Nilimtambua. Alikuwa yule yule. Feruzi akaniambia ni wa Mupe, anasafiri naye ndani ya motokari, anakula vizuri kuliko yeye. Kuku wanaogopa mashini, mbuzi wanataka kuila, bata tu ndiye asiyejali. Akanipeleka nyuma ya nyumba na kusema nikisikia anapiga makofi, nimwachilie bata upande wa mlango. Nikabaki pale, bata ananitazama kwa jicho moja. Zainabu angekuwa na la kusema juu ya malaika, lakini Zainabu alikuwa amepanda juu ya kuni ili aone.

Mbele ya nyumba nilisikia Mupe anasema polepole. Kisha kimya. Kisha watu wote wakacheka. Mupe akasema tena. Kimya. Wakacheka zaidi, na sauti ya bibi ikiwa ndani yake. Hivyo hivyo mpaka Mupe akasema kitu kwa Kifaransa, na Feruzi hakukigeuza. Watu wakanyamaza. Feruzi akapiga makofi.

Nikamwachilia bata. Akaenda polepole, kama nilivyomjua, akapinda kona. Nikamfuata, na nilipopinda kona nikaona mgongo wa baba. Alikuwa tayari kando ya reli, furushi begani, anakwenda kwenye treni. Mama Sifa ameketi mlangoni. Bata anapita. Mashini ya Mupe inalia kama mdudu, jicho lake liko kwa mgongo wa baba.

Nilikimbia. Nilipita mbele ya mashini, nikapita mbele ya bibi aliyenyoosha mkono akanikosa, nikamfikia baba, nikazunguka, nikamsukuma tumbo kwa mikono yote miwili.

"Geuka, baba. Geuka wakuone uso."

Mashini ikanyamaza. Feruzi akashika kichwa. Baba alikuwa na aibu, akaniinulia mkono, lakini Mupe alikuwa amefika. Alikuwa mtu mrefu mwenye miwani na kanzu nyeupe yenye mafuta ya motokari. Alichuchumaa mbele yangu, na bila hasira akaniuliza ni nini. Basi nikamwambia yote, nikilia, kamasi inashuka. Nikamwambia mlevi tuliona mgongo wake, hakurudi. Mama wa sindano mgongo, na mtoto amekufa. Wa Kama mgongo, hata maiti haikutoka. Nikamwambia bata pia amekwisha kupita. Nikamwambia mama yangu yuko Kibombo, na baba sina mwingine.

Mupe akakaa juu ya reli. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, mpaka akavua miwani.

"Mutoto," akasema, "ule mulevi iko Lokandu, anauza samaki. Mama ule alizaa tena, mapacha. Na wa Kama nilimuona juzi, amenunua baiskeli."

Nikamwuliza kwa nini basi aliwapiga picha mgongo.

"Kwa sababu walikuwa wanacheka. Wote. Ninasema, uwe na huzuni, mama yako iko nyuma, unamuacha. Muntu anatazama mashini, anacheka. Baba yako njo ameshinda wote. Ninyi watu munachekaka, mimi nifanye nini? Mugongo haichekake."

Sasa nisikilizeni. Nilimwelewa. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Alama tuliyoisoma na Zainabu kwenye shuka, tukaiogopa usiku kwenye mkeka, ilikuwa mbinu ya mtu aliyeshindwa na vicheko vyetu. Lakini kuelewa ni jambo moja, na baba kupanda treni kwa mgongo ni lingine. Nikamshika baba kaptula.

"Basi acheke," nikasema.

Mupe akanitazama. Akaanza kusema juu ya utepe wa filamu, kwamba umebaki kidogo, kwamba sinema ni ya huzuni. Hapo bibi akainuka kwenye kiti chake. Yeye aliyenipiga kofi kwa maneno yale yale akaja akasimama upande wangu, akarekebisha kikwembe.

"Mutoto amesema. Mwanangu haendi kwa mugongo."

Treni ikapiga filimbi ya kwanza. Mupe akatazama jua, akatazama treni, akatazama bibi, na nadhani kati ya hao watatu alimwogopa bibi. Wakabeba mashini na ile miguu mitatu inayoisimamisha, yeye na Feruzi, wakakimbia mpaka upande wa treni, wakaigeuza. Baba akarudishwa mlangoni. Akatoka na furushi, akaja kwetu, uso wake wote mbele, na bila shaka alikuwa anacheka, meno yote nje, akijaribu kufunga mdomo na kushindwa. Akapita mbele ya mashini, akapanda. Filimbi ya pili. Wakaenda.

Ungedhani nilitulia. Sikutulia. Mgongo ulikuwa umekwisha kupigwa kidogo kabla sijafika, na sikujua kidogo kinatosha au hakitoshi. Treni ilipaswa kurudi kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikapita. Watu wa stesheni wakasema mvua imekula udongo chini ya reli, huko mbele. Bibi alitoa mchele akakaa nao mlangoni, eti anachambua. Alichambua mchele ule mpaka hakuna cha kutoa, akaumwaga kwenye ungo akaanza upya. Nilikaa kando yake. Zainabu alipita, akatuona mimi na bibi pale mlangoni tumepangwa kama sinema, akageuka akarudi kwao.

Baba alifika Jumapili kwa miguu kutoka stesheni, mweusi kwa masizi, na tulisikia kicheko chake kabla ya kumwona. Mama alikuwa amejifungua mvulana, wote wazima, na mzungu wa mashini alimruhusu kuwaona wakati reli inatengenezwa. Bibi akamwambia anawe mikono, chakula kimepoa. Kisha akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuchukua sahani.

Sinema ile ilikwenda kusafishwa mbali, ikakaa, mimi nikaota meno mapya. Iliporudi, Mupe alisema watu waliofanya kazi ndani yake wakae mbele, pamoja na watu wao. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa upande ule wa shuka. Bibi alikaa mbele ya Mama Sifa, akasema haoni vizuri.

Ikaanza na miguu, na kambi yote ikapiga kelele, maana miguu ya baba ilijulikana. Bata akapita. Mama Sifa ameketi mlangoni. Halafu baba akatoka, akaja kwetu, mkubwa kuliko nyumba, anacheka. Watu wakaanza kucheka naye. Nilimwona Feruzi anainua bomba lake la bati, nikangojea, maana sikujua atasema nini. Mtu anamwacha mama yake milele, anacheka, utaelezaje?

Feruzi akasema kwa sauti ndogo, "Anacheka, kwa sababu bado hajajua."

Uwanja mzima ukanyamaza. Mimi nimeona sinema nyingi tangu siku ile, za rangi, za sauti, za Wahindi, za Wamarekani, wajukuu wananiwekea mpaka kwenye simu. Sijaona kitu cha huzuni kuliko kicheko kile juu ya shuka. Na baadaye, katika sinema zake zilizofuata, Mupe aliacha migongo. Watu walikuwa wanaondoka wakija kwetu, na uso. Sisemi ni kwa sababu yangu. Zainabu ndiye aliyekuwa anasema hivyo, mpaka kufa kwake, na mimi sikumkataza.

Lakini jioni ile nilimtazama baba, yule aliyekaa karibu nami. Nyumbani kioo chetu kilikuwa kipande cha kunyolea ndevu, hakuwahi kujiona mzima kwa mara moja. Kwenye shuka alikuwa anacheka, na hapa chini alikuwa kimya, mikono juu ya magoti, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Akamwinamia bibi.

"Mama, njo hivi niko?"

Bibi hakuondoa macho kwenye shuka.

"Njo hivi uko, tangu kuzaliwa. Sasa nyamaza, tuone kama utarudi."